Mchezaji na Mtungaji: Uhakiki Juu ya Michezo ya Video

Neno kucheza lina kazi nyingi katika Kiswahili, na yafaa tuanze nalo kabla ya kuingia katika jambo lenyewe. Watoto hucheza mpira, watu hucheza ngoma, waigizaji hucheza mchezo jukwaani, na wazee wawili wakikaa barazani na ubao kati yao husemwa kuwa wanacheza bao. Lugha yetu haikuona haja ya kuyatenga mambo hayo kwa maneno mbalimbali. Tena kuna kucheza kwa namna nyingine. Jino likilegea twasema linacheza, na nati isiyokazwa sawasawa nayo hucheza. Kucheza huku ni mwendo mdogo wa kitu kilichoshikwa. Jino lililo imara halichezi. Na lililong'oka halichezi vile vile, kwa sababu hakuna tena kinacholishika.

Nimeanza na jino kwa sababu ubunifu wa mchezaji katika michezo ya video, ambao ndio habari ya makala haya, hufahamika vibaya na watu wa pande mbili. Wa upande wa kwanza ni wale wasemao kwamba mchezaji hana alitungalo. Kila njia anayopita ilikwisha chorwa, kila ushindi wake uliwekwa tayari na mtengenezaji, na yeye hubonyeza vitufe tu kama mtu afuataye amri. Wa upande wa pili ni wauzaji, ambao hutangaza kwamba katika bidhaa yao mchezaji aweza kufanya lo lote alitakalo. Wale wa kwanza hudhani jino ni imara, na hawa wa pili hudhani limeng'oka. Mimi naona kwamba linacheza, na kazi ya mhakiki ni kupima linacheza kiasi gani, na ni kitu gani kinacholishika.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa urefu. Mwaka 1985 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Super Mario Bros., ambamo fundi wa bomba mwenye masharubu hukimbia toka kushoto kwenda kulia, akiruka mashimo na kuwakanyaga adui zake. Waliobuni viwanja vyake, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, walivichora kwa mkono juu ya karatasi ya miraba. Uwanja wa kwanza wa mchezo huo wastahili kutazamwa na kila mwalimu. Hauna maelezo hata neno moja. Adui wa kwanza huja polepole akimkabili mchezaji. Asiyeruka hufa na kuanza upya, na hasara yake ni sekunde chache tu. Anayeruka huenda akagonga kwa kichwa tofali lililo juu yake, na tofali likatoa sarafu, au uyoga wa kumkuza. Haupiti muda mrefu kabla mchezaji hajaipata sarufi ya mchezo: kuruka, kukanyaga, kugonga, kukua. Walakini hiyo ni sarufi ya msikilizaji. Huyafahamu maneno, lakini bado hajapewa nafasi ya kusema.

Nafasi hiyo alipewa miaka 30 baadaye. Septemba 2015 kampuni ile ile ilitoa Super Mario Maker kwa ajili ya mashine yake ya Wii U, na ndani yake ikamkabidhi mchezaji ile karatasi ya miraba. Mtu hushika kijiti cha plastiki, akagusa kioo, akaweka tofali hapa, shimo pale, kobe juu ya bomba, mzinga ukutani. Akimaliza huweza kuupeleka uwanja wake katika intaneti, watu wa nchi nyingine wakaucheza. Vipande alivyopewa ni vya kuhesabika, wala hawezi kuongeza kipande kipya. Hawezi kubadili kimo cha kuruka kwa Mario wala mbio zake. Tena kuna sharia moja ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kazi hii yote: uwanja haukubaliwi kupelekwa kwa watu mpaka mtungaji mwenyewe aucheze toka mwanzo hata mwisho na kuumaliza.

Waweza kusema kwamba sharia hii ni kinga tu, yaani watu wasiletewe viwanja visivyopitika. Ni kweli, lakini si hivyo tu. Sharia hii humlazimisha mtungaji awe mchezaji wa kazi yake mwenyewe kabla mtu mwingine hajawa. Mtega kitendawili hujua jibu, na kujua kwamtosha. Mtungaji wa uwanja kujua hakumtoshi. Mkono wake hauna budi kuweza. Akitaka kuwatesa wenziwe kwa mruko mgumu kati ya misumeno miwili, kwanza atateseka yeye, pengine usiku kucha. Kwa hiyo ukali wa kazi hupimwa kwa mwili wa aliyeitunga, na hilo ni jambo ambalo silijui katika sanaa nyingine yo yote ila labda ngoma, ambamo abunaye hatua mpya hana budi kuicheza mwenyewe kwanza.

Basi wachezaji walifanya nini na vipande hivyo? Zilitokea aina za viwanja ambazo hazimo katika michezo ya asili. Kuna viwanja vya mafumbo, ambavyo haraka haina faida ndani yake na mchezaji hukaa akafikiri. Kuna viwanja vya ugumu uliopita kiasi, ambavyo wenyewe huviita kaizo, kwa neno la Kijapani lenye maana ya kugeuza au kuunda upya. Mtindo huo ulikuwako kabla ya 2015 miongoni mwa watu waliougeuza mchezo wa zamani katika kompyuta zao. Kuna viwanja vya muziki, ambamo matofali ya sauti hupangwa hata mwendo wa Mario ukawa kama mkono upitao juu ya nyuzi, na wimbo ukasikika. Na kuna aina ya ajabu kuliko zote: viwanja vijiendeshavyo vyenyewe. Mchezaji huambiwa asiguse kitufe cho chote. Mario hurushwa na chemchemi, akachukuliwa na mikanda, akapita katikati ya miali ya moto kwa upana wa ukucha, akafika mwisho salama. Na mchezaji akithubutu kusaidia hata kidogo tu, hufa papo hapo.

Aina hii ya mwisho yastahili neno zaidi. Kama mchezo ni dhaifu, maana mtu akikwisha kuutazama mara moja hana sababu ya kurudi. Lakini kama uhakiki ni kazi kali. Mtungaji ameichukua ile hoja ya kwamba mchezaji hafanyi lo lote ila kufuata, akaitimiza kwa ukamilifu mpaka ikachekesha. Wala hakuvunja sharia, kwa kuwa yeye naye aliumaliza uwanja wake kabla ya kuupeleka, kwa kukaa kimya. Sidhani kwamba wengi wa watungaji hao walikusudia hoja ya namna hiyo. Huenda walitaka kuwashangaza watu tu. Lakini kazi ya sanaa hupimwa kwa yaliyomo, si kwa nia peke yake.

Wasomaji wa kurasa hizi hawahitaji kukumbushwa ubishi wetu wenyewe juu ya vina na mizani. Tangu kitabu cha Kaluta Amri Abedi juu ya sharia za kutunga mashairi kilipotoka mwaka 1954, na zaidi baada ya washairi wa miaka ya 1970 kuanza kuandika pasipo vina, tumeulizana mara nyingi kama kanuni ni pingu ya mtungaji ama ni mguu wake. Siingii hapa katika ugomvi huo. Nasema tu kwamba michezo ya video hutupa ushahidi ambao hatukuwa nao, kwa sababu ndani yake kanuni haina huruma. Mshairi akizidisha mizani moja, shairi bado husomeka na wasikizaji wataguna. Katika mchezo, mruko uliopungukiwa na nukta moja ni kifo. Na katika ukali huo ndimo zilimozaliwa hizo aina nne nilizozitaja, na nyingine zaidi. Lakini mfano huu una mpaka wake. Shairi halimwui msomaji asiyelifahamu, bali humngojea. Uwanja mgumu humfukuza, na viwanja vingi mno vya kaizo havina la kusema ila kwamba aliyevitunga ana vidole vyepesi.

Mchezo wa pili wa kutazamwa ni Minecraft, ulioanzwa na Markus Persson wa Uswidi na kutolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2009. Huu ndio mchezo uliouzwa kuliko mingine yote; mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nakala zilizouzwa zimepita milioni 300. Dunia yake yote ni michemraba, kila mmoja ukihesabiwa kuwa na upana wa mita 1: mchanga, mawe, miti, maji. Mchezaji huvunja mchemraba, akauchukua, akaupanga mahali pengine. Wengi wanaousifu hutaja ukubwa wa dunia hiyo na uhuru wa mchezaji. Mimi nautafuta ubunifu mahali padogo zaidi, penye mwenge.

Ndani ya mchezo mna madini mekundu ambayo vumbi lake, likimwagwa chini kwa mstari, hupitisha nguvu kama waya wa umeme. Kutokana na vumbi hilo hutengenezwa mwenge. Mwenge huu una tabia moja: ukipachikwa katika mchemraba usio na nguvu, huwaka, mchemraba huo ukipata nguvu, mwenge huzimika. Basi. Mtaalamu wa lugha atatambua mara moja kilichopo hapa, nacho ni kikanushi. Palipo na ndiyo, mwenge husema siyo. Palipo na siyo, husema ndiyo. Ukiunganisha nyaya mbili katika mchemraba mmoja wenye mwenge, mwenge utawaka pale tu ambapo wala huu wala ule hauna nguvu. Na wanahesabu walikwisha onyesha zamani kwamba kwa kiungo hicho kimoja, kikirudiwa vya kutosha, hesabu yo yote ya kompyuta huweza kufanywa. Wachezaji wakaanza. Walijenga milango ya siri, kisha saa, kisha mashine za kujumlisha, na baadaye kompyuta nzima zenye kumbukumbu na kioo, kubwa kama mji, zikifanya kazi polepole ndani ya mchezo. Hakuna aliyewapa kompyuta. Walipewa kikanushi kimoja.

Majengo yaliyo mashuhuri zaidi hayanivuti kama mashine hizo. Machi 2020 shirika la kutetea waandishi wa habari, Reporters Without Borders, lilifungua ndani ya Minecraft maktaba iliyojengwa kwa zaidi ya michemraba milioni 12, na ndani yake likaweka makala za waandishi zilizozuiliwa katika nchi zao. Jengo lenyewe ni la nguzo na kuba, kama kumbi za serikali za Ulaya, nalo kwa macho yangu ni la fahari zaidi kuliko la akili. Akili imo katika kitabu. Kitabu ndani ya mchezo huu ni kitu kidogo, ambacho mchezaji huandika humo apendalo, na sidhani kama wakaguzi wa nchi yo yote walikuwa wamekikumbuka. Mtu aliyezuiliwa kuisoma habari katika gazeti aliweza kuingia katika mchezo wa watoto, akaisoma pale. Hapo ndipo kitu kilicholegea kilipoonekana na kutumiwa.

Mfano mwingine u karibu nasi. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilipatana na watengenezaji wa Minecraft ili wenyeji wa mahali wautumie mchezo huo kuonyesha jinsi wanavyotaka viwanja vyao vya wazi vitengenezwe. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Vijana na wazee huketi mbele ya kompyuta chache. Mfano wa mahali pao umekwisha wekwa ndani ya mchezo. Nao huongeza ngazi, mfereji, taa, kiti cha kukalia. Nimesikia wasomi wakilicheka jambo hili kwa kuwa mchemraba wa mita 1 ni kipimo kinene mno kwa ramani ya kweli. Hoja yao ni sahihi, nami naipindua. Unene huo ndio uliosaidia. Mbele ya karatasi na kalamu, mhandisi huchora vizuri na mama muuza mboga huona haya. Mbele ya mchemraba wote wawili huchora vibaya sawasawa, na ubaya wao wa mkono hauonekani. Linaloonekana ni wazo tu, kwamba taa iwe hapa wala si pale. Kisha wote huweza kutembea ndani ya walichokijenga kabla hata jiwe moja halijawekwa.

Naona yafaa nitaje kwa ufupi ubunifu wa uongo, kwa kuwa ndio unaouzwa zaidi. Michezo mingi siku hizi humpa mchezaji kuchagua rangi ya nywele, viatu, ngozi ya silaha, na mara nyingi humtoza fedha kwa kila kimoja. Kuchagua shati dukani si kushona. Hakuna sharia inayopingana na mkono wa mchagua nywele, na kwa hiyo hakuna kinachocheza.

Lakini kuna ubunifu mwingine ambao mtengenezaji hakuutoa, nao ulichukuliwa. Katika Street Fighter II, mchezo wa ngumi uliotolewa na Capcom mwaka 1991, waliouunda waligundua wakati wa kuujaribu kwamba pigo moja laweza kuungwa na jingine kabla adui hajapumua. Hawakulikusudia jambo hilo, wakaliacha kwa kudhani kwamba ni gumu mno kuwafaa watu. Wachezaji wakalifanya kuwa sanaa yenyewe, na michezo ya ngumi iliyofuata ikajengwa juu ya kosa hilo.

Habari ya Dota ni nzito zaidi, kwa maana inagusa haki. Kampuni ya Blizzard ilipotoa Warcraft III mwaka 2002, ilitia ndani yake chombo cha kutengenezea viwanja. Kwa chombo hicho wachezaji kadhaa, wakipokezana tangu 2003, walitunga Defense of the Ancients, ambamo mtu haongozi jeshi tena bali shujaa mmoja, na makundi mawili ya mashujaa hushindana kuiangusha ngome. Halikuwa pambo juu ya mchezo wa zamani. Ulikuwa mchezo mpya, wenye sharia zake. Kampuni nyingine zikauona. Blizzard na Valve ziligombania jina lake hata zikapatana Mei 2012, na Dota 2 ya Valve ilipotoka mwaka 2013 ikawa mali kubwa. Katika mashindano yake ya 2021 zawadi zilipita dola milioni 40. Mwaka 2020 Blizzard ilipotoa upya Warcraft III, iliandika katika masharti yake kwamba mchezo wo wote utakaotungwa kwa chombo chake utakuwa mali yake yenyewe.

Msomaji na alipime jambo hili kwa mizani yetu. Aliyetengeneza kalamu anadai shairi. Kampuni yaweza kujibu kwamba yenyewe haikutengeneza kalamu tu, bali ilitengeneza pia wino, karatasi, na herufi, na kwamba shujaa wa Dota alivaa sura zilizochorwa na watu wake. Jibu hilo lina uzito, wala silipuuzi. Lakini likikubaliwa lote, hakuna mchezaji mwenye kipawa cha kutunga sharia mpya atakayezitungia katika nyumba hiyo, naye atakuwa na haki. Hao wanaosema kwamba mchezaji ni mfuataji tu hudhani wanatoa maoni ya kitaalamu; kwa kweli huwaandalia mawakili wa kampuni hoja yao.

Turudi mwisho kwa Super Mario Maker, kwa kuwa kisa chake kilikwisha kwa namna isiyotazamiwa. Machi 2021 kampuni ilifunga mlango wa kupeleka viwanja vipya, na baadaye ikatangaza kwamba Aprili 2024 michezo ya Wii U haitachezwa tena kwa njia ya intaneti. Kundi la wachezaji lilikuwa limejipa kazi ya kumaliza kila uwanja ambao haujapata kumalizwa na mtu mwingine ila aliyeutunga. Vilikuwa maelfu kwa maelfu. Kufikia Machi 2024 ulibaki mmoja, mfupi kuliko nusu dakika, uliopelekwa tangu 2017 na kuitwa Trimming the Herbs. Watu wakaujaribu mchana na usiku, wakashindwa. Ndipo mtungaji wake alipokiri kwamba hakuumaliza kwa mkono wake. Alitumia chombo cha kubonyeza vitufe kwa hesabu, nukta kwa nukta, kazi ambayo alidhani mwanadamu haiwezi.

Kundi likatangaza kwamba uwanja huo hauhesabiwi, na kwamba kazi ilikwisha siku chache nyuma, ulipomalizwa uwanja wa kweli wa mwisho. Kwa sharia walikuwa na haki. Mtungaji asiyeucheza uwanja wake hakuutunga. Aliandika amri tu. Hata hivyo baadhi yao hawakuondoka. Tarehe 5 Aprili, siku tatu kabla ya mlango kufungwa, mchezaji mmoja aliumaliza kwa mkono. Uwanja uliokuwa batili kwa miaka 7 ukapata uhalali wake kwa mtu ambaye hakuweka hata tofali moja ndani yake. Nani basi ameutunga? Mimi siwezi kulijibu swali hili kwa istilahi tulizo nazo, ambazo zamtenga mtungaji upande huu na mpokeaji upande ule.

Tarehe 8 Aprili 2024 huduma hiyo ikakatwa. Viwanja ambavyo watu walikuwa wamevinakili katika mashine zao kabla ya siku hiyo bado huchezeka nyumbani kwao, kila mmoja na alivyovichagua.